Upatanisho wa Kisarufi wa Neno "Wakala" katika Istilahi za Kompyuta

Neno "wakala" lina asili ya Kiarabu, nalo humrejelea anayetenda kwa niaba ya mwingine. Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe nchini Kenya mwezi Machi 2007, mkazi wa Nakuru, Njoro au Molo humtambua wakala kuwa ni mtu wa dukani anayepokea na kutoa fedha. Katika taaluma ya kompyuta dhana ni tofauti: aina moja ya wakala ni programu inayobeba maagizo ya mtumiaji, ikahama kutoka mtambo mmoja hadi mwingine kupitia mtandao, ikatafuta habari huko huko, kisha ikarejea na majibu. Kampuni ya Marekani, General Magic, ilibuni lugha ya Telescript kwa kazi hiyo katika miaka ya 1990.

Je, isemwe "wakala anasafiri" au "wakala inasafiri"? Upatanisho wa ngeli ya A-WA huivika programu utu, na msomaji huenda akadhani kuna mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Istilahi "programu-wakala", katika ngeli ya I-ZI, huondoa utata huo: programu-wakala inatumwa, binadamu ndiye anayetuma.