SOMO LA 10: BUSTANI YA WIKI NNE

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 2:8-15, 1 Wafalme 21:1-3, Kumbukumbu la Torati 11:10-12, Marko 4:26-29, 2 Timotheo 1:5, Kutoka 16:22-30, 34:21, Luka 13:15, 14:5, 1 Wakorintho 3:6, 7.

Fungu la Kukariri: Marko 4:28. Darasa lilisome kwa pamoja kutoka katika Biblia, kisha kila mmoja alitamke bila kutazama.

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, mabasi na treni ya kutoka Tabora hushusha Mpanda watoto wanaokuja kuwaona babu na bibi. Baadhi yao huendelea hadi Kasokola, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda lakini ambayo watu wake bado huamka na jembe. Wakati huo mvua zimekwisha. Mahindi yanavunwa, karanga zinapukuchuliwa, na mtoto wa mjini, baada ya siku mbili za kufukuza kuku, anaanza kuuliza simu ya baba iko wapi.

Likizo hiyo ni ya takriban wiki 4. Mchicha nao, tangu kupandwa hadi kuchumwa mara ya kwanza, huhitaji wiki 3 hadi 4. Juma hili tutaitazama familia inayoamua kulima tuta la mboga pamoja na watoto katika siku hizo chache. Yako mambo katika Neno la Mungu ambayo mtoto huyaelewa upesi zaidi akiwa na udongo mikononi, na liko jambo moja, ambalo tutalifikia Alhamisi, linaloweza kumwelemea hata mzazi mwenyewe.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Kabla ya Jembe

Soma Mwanzo 2:8-15. Ni nani aliyepanda bustani ya kwanza, na mwanadamu alipewa kazi gani ndani yake?

Bustani ya Edeni ilipandwa na Mungu kabla mwanadamu hajawekwa humo. Adamu alikabidhiwa kitu kilichokwisha kuwapo, akaambiwa akilime na kukitunza. Kazi hiyo ilitolewa kabla ya dhambi. Wazazi wanaomwadhibu mtoto kwa kumpeleka shambani wanamfundisha kinyume cha sura hii, na mtoto halisahau fundisho hilo kwa urahisi.

Sasa soma 1 Wafalme 21:1-3. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga. Hakuna ubaya wowote katika mboga. Ubaya ulikuwa katika ardhi ya mtu mwingine, na mwisho wake ulikuwa damu. Familia inayokuja likizo ina jambo la kujifunza hapa. Udongo mzuri ulio karibu na kisima huenda una mwenyewe, hata kama msimu huu haujalimwa. Basi mzazi amchukue mtoto, waende pamoja kwa babu, au kwa jirani mwenye eneo, wasalimie, waombe. Mtoto akisikia baba yake akisema, "Shikamoo mzee, tunaomba sehemu ndogo kwa mwezi mmoja," amepata somo la amri ya kumi kabla ya kushika jembe.

*Je, kuna kitu cha jirani ambacho familia yako inakitumia kwa mazoea tu, bila kuomba?*

JUMATATU
Maji ya Kiangazi

Soma Kumbukumbu la Torati 11:10-12. Musa anatofautishaje kilimo cha Misri na kilimo cha nchi ya ahadi?

Huko Misri, Musa anasema, watu walinywesha mashamba kwa nguvu zao, kama mtu anyweshavyo bustani ya mboga. Nchi waliyoiendea ingekunywa maji ya mvua ya mbinguni. Mkulima wa Katavi anazijua hali zote mbili katika mwaka mmoja. Kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, Mungu ndiye anayenywesha, na mkulima hupalilia tu. Kuanzia Mei, anayetaka mboga mbichi hubeba ndoo.

Kwa mtoto aliyezoea bomba, hili ni jambo jipya kabisa. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 linamtosha: mkono wake unafika katikati bila kukanyaga mimea, na maji yake hayamshindi. Lakini ni lazima ayabebe asubuhi na jioni, kila siku. Mwagiliaji wake ni kopo lililotobolewa matundu madogo kwa msumari, kwa maana maji ya ndoo yakimwagwa kwa nguvu hufukua mbegu zote. Siku ya tatu atalalamika. Mzazi mwenye busara hamwondolei ndoo, ila humpunguzia maji yaliyomo, naye mwenyewe huibeba ya kwake akitembea kando yake. Mtoto anayetumwa kisimani peke yake wakati watu wazima wamekaa chini ya mwembe hajifunzi neema ya mvua. Anajifunza kwamba wakubwa hawabebi ndoo.

Jioni, katika ibada ya familia, muulizeni: mashamba yote haya ya mahindi, kuanzia hapa hadi kule mlimani, nani aliyanywesha?

JUMANNE
Asivyojua Yeye

Soma Marko 4:26-29. Mkulima wa mfano huu anafanya nini, na ni nini asichokijua?

Mbegu ya mchicha ni ndogo kiasi kwamba mtoto akiishika kiganjani hudhani ni vumbi. Ndiyo maana wakulima huichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga katika vifereji, isije ikaangukia mahali pamoja. Hufunikwa kwa udongo kidogo sana, kisha nyasi kavu hutandazwa juu ili unyevu usipotee. Tuta lenyewe liwe limechanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche.

Halafu hakuna cha kufanya isipokuwa kumwagilia na kungoja, na hapo ndipo penye mfano wa Yesu. Yule mkulima hulala na kuamka. Mbegu inaota, naye hajui jinsi gani. Yesu hamkemei kwa kutojua kwake.

Watoto huchimbua. Karibu kila mtoto, siku ya pili au ya tatu, atafukua kidole kimoja cha udongo aone kama mbegu "imefanya kitu". Akifukua anaiua. Asigombezwe sana. Wakubwa nao hufukua. Mama aliyemwombea mwanawe miaka mingi humwuliza kila jioni kama ameshaokoka, hata kijana akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Mchungaji huhesabu mikono iliyoinuliwa usiku wa kwanza wa mahubiri, akahuzunika. Yesu alisema kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke, wala hakutaja idadi ya siku.

Katika baridi ya usiku wa Juni mbegu inaweza kuchukua siku tano au hata juma zima. Mara inapochipua, nyasi ziondolewe taratibu jioni, jua likiwa limepoa, zisogezwe katikati ya mistari. Mtoto ndiye aitwe wa kwanza kuona.

*Ni jambo gani uliloliombea ambalo umekuwa ukilifukua?*

JUMATANO
Imani ya Bibi

Soma 2 Timotheo 1:5. Paulo anataja vizazi vingapi?

Paulo anamtaja Loisi, bibi yake Timotheo, kabla ya kumtaja mama. Katika likizo ya Kasokola, bibi ndiye anayejua tuta lipi hukauka upesi, mbuzi hupitia wapi, na kwamba majivu yakinyunyiziwa majani asubuhi hupunguza wadudu. Baba aliyetoka Dar es Salaam amesoma mambo ya bustani kwenye simu. Akimsahihisha mama yake mbele ya watoto juu ya nafasi ya mistari, huenda hata akawa sahihi, lakini atakuwa ameivunja amri ya tano kwa ajili ya sentimita kumi.

Basi bibi afundishe. Wakati wa kuzungushia miiba kuzuia kuku, au wa kung'oa miche iliyosongamana, ndipo atakaposimulia jinsi alivyobatizwa, na nani alimletea ujumbe. Hadithi hizo hazisimuliwi kwa urahisi sebuleni, televisheni ikiwa imewashwa.

ALHAMISI
Jua Linapozama Siku ya Ijumaa

Soma Kutoka 16:22-30 na Kutoka 34:21. Bwana aliwapa Israeli maagizo gani kuhusu siku ya sita, na kuhusu wakati wa kulima na wa kuvuna?

Sasa tazama hali hii. Miche imechipua Jumatano. Ina majani mawili tu, mizizi yake haijazidi urefu wa ukucha. Hakuna mvua, wala haitarajiwi hadi Novemba. Ijumaa mchana familia ilikwenda mjini Mpanda kwa ndugu, ikachelewa kurudi, na jua likazama. Sabato imeingia na tuta halijamwagiliwa. Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, mtoto wa miaka saba anasimama kando ya tuta na kuuliza, "Bibi, Mungu hataki miche inywe maji leo?"

Hapo wapo watakaosema, mwagilia, ni tendo la rehema; Kristo mwenyewe alitaja ng'ombe anayefunguliwa apelekwe kunywa siku ya Sabato (Luka 13:15), na mnyama aliyetumbukia kisimani (Luka 14:5). Wapo watakaosema, acha ife, imani ni hiyo. Madarasa mengi ya Shule ya Sabato yamewahi kugawanyika juu ya maswali ya namna hii, na si haki kumwachia bibi alijibu peke yake akiwa ameshika Biblia na kitabu cha nyimbo mkononi.

Kwanza, Yesu alizungumza juu ya viumbe wanaohisi kiu na maumivu. Mbuzi wa babu apewe maji siku ya Sabato bila swali. Mchicha hauumii. Pili, Kutoka 34:21 inataja waziwazi wakati wa kulima na wa kuvuna, yaani nyakati ambazo mkulima ana sababu nzuri kuliko zote za kusema, "leo haiwezekani." Bwana alizijua sababu hizo alipotoa agizo. Tatu, na hili ndilo zito, ng'ombe wa Luka 14 alitumbukia. Miche hii haikutumbukia. Ilisukumwa na Ijumaa iliyotumiwa vibaya. Mana ya siku ya sita ilikuwa maradufu, lakini ilikuwa lazima mtu atoke akaiokote siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo jibu la kweli kwa mtoto ni gumu kwa wazazi kulitamka: "Mungu alitupa jana ya kuinywesha. Sisi tulichelewa. Leo tunapumzika, na jioni Sabato ikifungwa tutakuja wote pamoja." Inawezekana miche kadhaa itanyauka, hata ikafa. Mtoto atahuzunika. Lakini ataona kwamba kosa lilikuwa la wakubwa, wala si la Sabato. Akiambiwa, "acha maswali, ni Sabato," atakua akiamini kwamba Sabato ndiyo iliyoua bustani yake. Naye akiona baba anachungulia kama wazee wa kanisa wameshapita, kisha anachukua ndoo, amejifunza jambo jingine, baya zaidi.

Ni vyema familia isifike hapo. Tuta likimwagiliwa kwa wingi Ijumaa jioni, maji yakazama chini, nyasi zikatandazwa vizuri kati ya mistari, na kichanja kidogo cha matawi kikawekwa juu kuzuia jua la mchana, miche huvumilia hadi Jumamosi jioni. Jua la Juni si kali kama la Oktoba. Familia itokayo Dar es Salaam ikumbuke pia kwamba Mpanda iko mbali upande wa magharibi, na jua huzama huko takriban nusu saa baadaye kuliko pwani. Nusu saa hiyo si ya kuongeza safari ya sokoni. Watoto wote washike makopo, mboga za Sabato zichumwe, na tuta lifunikwe wakati nyimbo za kufungua Sabato zinaanza kusikika nyumba ya pili.

*Kama ungekuwa bibi huyo, ungemjibuje mtoto? Na ungemwambia nini baba yake, mkiwa wawili tu?*

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Ellen G. White alizungumzia kwa mapana kazi ya bustani katika malezi ya watoto katika kitabu chake *Elimu*, kilichotoka mwaka 1903, mwaka ule ule ambao wamishonari Wajerumani Johannes Ehlers na A. C. Enns walianza kazi ya Waadventista katika milima ya Upare. Hakuwa akiandika nadharia. Alipoishi Australia, kati ya 1891 na 1900, shule ya Avondale ilianzishwa juu ya ardhi ambayo wengi waliiona kuwa duni, naye akapanda miti na mboga nyumbani kwake huko.

Soma pia 1 Wakorintho 3:6, 7 kabla ya majadiliano. Wiki ya nne watoto wanarudi mjini. Huenda watachuma mara moja tu, au wasichume kabisa, na mchicha watakaoukatia maji utaliwa na bibi pamoja na jirani aliyetoa eneo.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, ni kazi zipi za Ijumaa ambazo hulemea watu mara kwa mara hadi jua likazama? Nani katika familia hubaki nazo?

2. Mtoto aliyebeba maji wiki tatu anaondoka kabla ya kuchuma. Je, wazazi wamnunulie mchicha sokoni Mpanda ili asihuzunike, au wampigie bibi simu siku atakapoupika, wamsikie akila?

3. Ndugu mmoja anasema kwamba kanuni ya ng'ombe aliyetumbukia inahusu pia bustani ya biashara ambayo ndiyo ada ya watoto wake. Mjibuni kwa Maandiko, mkikumbuka kwamba ada hiyo ni ya kweli.