Kiima na Mtenda: Dhima za Viambajengo vya Sentensi katika Maelezo ya Tukio la Engare Nanyuki

1.0 Tatizo

Katika madarasa mengi ya sarufi bado hufundishwa kwamba kiima ni mtenda wa jambo na yambwa ni mtendwa. Kauli hiyo huchanganya mambo mawili. Kiima ni dhima ya kisarufi, nayo hutambulishwa na nafasi katika sentensi au na upatanisho. Mtenda ni dhima ya kisemantiki, nayo hutokana na maana ya kitenzi. Tofauti hii si ngeni tangu Fillmore alipotoa nadharia yake ya uhusika mwaka 1968. Hata hivyo istilahi zetu wenyewe, kama vile yambwa tendwa na yambwa tendewa, hubandika jina la kisemantiki juu ya nafasi ya kisarufi, na hivyo mkanganyiko unaendelea kulelewa.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kutumia tukio moja. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1967 yeye na Earle Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo. Sentensi zinazochambuliwa hapa zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Hazikunukuliwa kutoka waraka wowote.

2.0 Kitenzi kimoja, vitenzi vitatu

Kiingereza kinaweza kusema "The houses burned" na pia "The soldiers burned the houses". Umbo la kitenzi halibadiliki. Ni mpangilio wa maneno tu unaoonyesha kwamba "houses" ni kiima katika sentensi ya kwanza na yambwa katika ya pili. Dhima ya kisemantiki ya nyumba ni ile ile mara zote mbili: ndizo zilizopatwa na moto. Kiswahili hakimruhusu msemaji kubaki na umbo moja:

(1) a. Nyumba ziliungua.
    b. Nyumba zilichomwa.
    c. Askari walizichoma nyumba.

Katika (1a) na (1b) kiima ni nyumba, na upatanisho ni ule ule wa zi-. Lakini sentensi hizi hazilingani. Kipimo rahisi ni kuongeza chagizo:

(2) a. Nyumba zilichomwa kwa makusudi.
    b. *Nyumba ziliungua kwa makusudi.

Katika (1b) mtenda hakutajwa, lakini yumo, ndiyo maana mtu anaweza kuuliza "na nani?" na akastahili jibu. Katika (1a) hayumo kabisa. Basi mfasiri anayetafsiri "The houses burned" kwa "ziliungua" amefanya uamuzi kuhusu dhima, apende asipende. Hali ni hiyo hiyo kwa "The people moved", ambayo husimama kando ya "The government moved the people": Kiswahili hudai walihama au walihamishwa, na katika mgogoro wa ardhi tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo kesi yenyewe.

Isidhaniwe kwamba nafasi na upatanisho ndizo njia pekee. Jina Engare Nanyuki ni la Kimaasai, lenye maana ya maji mekundu, na Kiarusha kinachozungumzwa kwenye miteremko ya Meru ni lahaja ya lugha hiyo. Katika Kimaasai kitenzi hutangulia, na toni ya nomino ndiyo inayotenganisha kiima na yambwa. Maneno "edol embarta" yana maana ya "anamwona farasi" au "farasi anamwona", kwa kutegemea toni ya nomino. Maandishi ya kawaida, yasiyoonyesha toni, huificha tofauti hiyo.

3.0 Mtendewa kama kiima

Ugumu mkubwa zaidi uko katika sentensi ifuatayo ya Kiingereza: "The Meru had their houses burned". Ina maana mbili zinazopingana: Wameru walipatwa na jambo hilo, au wao wenyewe waliagiza lifanyike. Kisarufi "the Meru" ni kiima katika maana zote mbili. Kisemantiki, katika maana ya kwanza ni waathirika, katika ya pili ni wasababishaji. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa mnyambuliko:

(3) a. Wameru walichomewa nyumba zao.
    b. Wameru walichomesha nyumba zao.

Hapa Kiswahili ni angavu kuliko Kiingereza, ingawa si kwa kila jambo. Kiambishi -e- katika (3a) hutuambia tu kwamba kiima ni mtendewa. Hakituambii kama alitendewa wema au ubaya. "Wameru walijengewa nyumba" ina muundo ule ule. Maana ya hasara katika (3a) hutokana na kitenzi choma na ujuzi wetu wa tukio.

Tena kiima kinaweza kisiwe mtu wala kitu:

(4) Engare Nanyuki kulichomwa nyumba.

Upatanisho wa ku- unaelekea kwenye mahali. Nyumba, ambazo ndizo zilizotendwa, zimebaki baada ya kitenzi bila kudhibiti kiambishi chochote.