SOMO LA USALAMA KAZINI: MASHINE YA KUVUTA VUMBI IWEKWE WAPI?



Somo letu la leo ni la wenzetu wa karakana za useremala na viwanda vya mbao. Mwajiri akikubali kuweka mashine ya kuvuta vumbi nje ya karakana, ni jambo jema. Lakini tusipige makofi mapema. Tuulize kwanza: vumbi likitoka kwetu, linakwenda kwa nani?

Ubaya wa vumbi
Maranda yaliyo sakafuni siyo adui mkubwa. Adui ni vumbi laini la msasa na msumeno, ambalo huingia mpaka mapafuni. Vumbi la mvule huweza kuleta pumu na kuwasha ngozi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kuwa mafundi wa samani wa High Wycombe walipata kansa ya pua mara nyingi kuliko watu wengine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilitamka kuwa vumbi la mbao huleta kansa.

Kwa nini nje?
Mfuko wa kitambaa hauzuii vumbi lote. Lile laini hupenya, na mashine ikiwa ndani linaturudia. Tena, vumbi la mbao likitimka hewani na kukutana na cheche huweza kulipuka. Na makelele ya feni hupungua.

Mahali panapofaa
1. Karibu na ukuta wa mashine zenye vumbi jingi, ili bomba liwe fupi na lenye kona chache. Hewa bombani yapaswa kwenda kama meta 20 kwa sekunde. Ikipungua, vumbi hutuama.
2. Mbali na madirisha, kisima, mahali pa kulia na nyumba za wafanyakazi. Angalieni upepo wa masika na wa kiangazi.
3. Mbali na jiko la makaa na mahali pa kuchomelea vyuma. Bomba liwe la chuma, lenye waya wa kupeleka umeme ardhini.
4. Chini ya paa, juu ya saruji, pasipoziba mlango wa kukimbilia moto ukizuka.
5. Upande wa pili wa karakana yaachwe matundu ya kuingiza hewa. Hewa isipoingia, mashine haivuti.

Anayemwaga mfuko
Mara nyingi kazi hii hupewa kibarua wa siku, naye hufunikwa na vumbi kuliko fundi. Huyo ni mwenzetu. Mashine izimwe kwanza, apewe kinyago cha kuzuia vumbi laini, na mfuko umwagwe kabla haujajaa.

Haki yetu
Mkataba Na. 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unataka hewa ya kazini isafishwe kwanza kwa mitambo na mipango ya kazi. Isipotosha, mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Unawapa pia wafanyakazi na wawakilishi wao haki ya kutoa mapendekezo. Nchi iliyouridhia inabanwa nao. Basi kamati ya tawi idai kuona mpango kabla ukuta haujatobolewa. Saruji ikishakauka, kuihamisha mashine ni vigumu.

Maswali ya kuzungumza tawini
1. Jioni, mashine zikishazimwa, mulikeni tochi gizani. Mnaona nini hewani?
2. Upepo wa kwetu unapeleka vumbi kwa nani?
3. Nani anamwaga mfuko, na amepewa nini cha kujikinga?