SOMO: KUPATANA MUSHAHARA MBELE YA KUKUBALI KAZI



Katika nambari iliyopita tulijifunza ginsi ya kuandika barua ya kuomba kazi. Kisha kuisoma, wengi walikuja kutuambia: "Barua tunajua sasa. Lakini siku patro anatuita na kutuuliza 'Unataka ngapi?', tutajibu nini?" Ulizo hili ni la kweli, zaidi kwa wandugu wa kalasi ya mwisho wanaongojea Examen d'État. Basi leo tunatazama neno moja tu: kujitayarisha kupatana mushahara.

1. NENO LILILOMPATA DADA YETU

Dada mumoja aliyemaliza hapa kwetu katika sexio ya biashara alikuja kuzungumza nasi. Alituomba tusiandike jina lake, wala la patro wake. Alikuwa akikaa Lubumbashi kwa wazazi wake, na akaitwa kwa kazi ya kutunza hesabu katika depo moja kule Kolwezi. Patro alimuuliza anataka mushahara gani. Dada aliinamisha kichwa, akajibu: "Baba, chenye mutanipa nitapokea." Alifikiri ni heshima. Patro aliandika hesabu, dada akatia mukono bila kusoma, akarudi nyumbani akiimba.

Mwezi wa pili wimbo uliisha. Kolwezi ni muji wa migodi, na bei ya nyumba iko juu. Kisha kulipa chumba na usafiri, hakubakia na feza ya kumufikisha mwisho wa mwezi. Alianza kukopa unga kwa jirani. Tena alipata kujua kwamba kijana mumoja aliyeandikwa pamoja naye, mwenye diplome kama yake na kazi kama yake, alikuwa akipokea zaidi, na nyumba alilipiwa. Kwa nini? Kwa sababu yeye aliuliza. Dada alipokwenda kulalamika, patro alifungua kontra, akamuonyesha chini ya kartasi: "Mukono huu ni wa nani?"

Dada alituambia: "Hakuna mutu aliyeniibia. Ni kinywa changu kilichofungwa." Tunaandika somo hili ili lisirudi kwa mwingine wetu.

2. JE, NI VIBAYA KUTAJA FEZA?

Wengine kati yetu wanasema: "Mwanafunzi aliyelelewa vizuri haombi feza. Anangojea." Tunafikiri wanachanganya mambo mawili. Tamaa ni kutaka cha mwingine. Kupatana ni kujua mbele kila mutu atatoa nini na atapokea nini. Katika Mathayo 20, mwenye shamba alipatana kwanza na watu wake juu ya dinari moja kwa siku, ndipo wakaingia kwa kazi. Na tunasoma katika Mwanzo ginsi Yakobo alivyohangaika na Labani, aliyekuwa akigeuza mushahara wake mara kwa mara.

Angalieni vilevile mama zetu pale soko. Mama anakata bei ya mufuko wa makala bila kutukana mutu, na mwisho wote wawili wanacheka. Lakini mutoto wa mama huyo, akiingia katika biro yenye kiti cha ngozi, anakuwa bubu.

Tukumbuke pia wazee wa muji wetu. Katika mwezi wa 12 wa mwaka 1941, hapa Lubumbashi iliyoitwa wakati ule Élisabethville, wafanyakazi weusi wa Union Minière walisimamisha kazi. Bei ya vitu ilikuwa imepanda kwa ajili ya vita, nao waliomba mushahara uongezwe. Waaskari waliwapiga bunduki pale kiwanja cha mupira, na watu wengi walikufa. Sisi leo tunaweza kuuliza juu ya mushahara tukiwa tumekaa kwenye kiti, bila bunduki mbele yetu. Tusidharau ruhusa hiyo.

3. YALE SHERIA INASEMA

Mbele ya kwenda, tujue sheria kidogo. Sheria ya kazi ya inchi yetu ni ile nambari 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Tunachagua mambo yanayotuhusu:

a) Kuna mushahara wa chini ambao hakuna patro anaweza kushuka chini yake. Unaitwa SMIG. Mwaka 2018 uliwekwa franka 7.075 kwa siku kwa mufanyakazi wa kazi isiyo na ufundi, na mwaka 2025 ulipandishwa tena. Mwenye diplome yuko katika ngazi ya juu kuliko ile. Kwa hiyo, juma moja mbele ya kuonana na patro, tupite kwa Inspection du travail tuulize SMIG ya siku ile na ngazi ya kazi yetu.

b) Watu wenye kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa wanapashwa kupokea mushahara sawa, awe mwanamume ao mwanamuke. Dada yetu alikuwa na haki hiyo, lakini hakuijua.

c) Mutu anayeandikwa kwa kazi ya mahali pengine, inje ya fasi anapokaa, patro anapashwa kumupa nyumba inayofaa, ao feza ya nyumba. Hapa tena dada alipita pembeni ya haki yake.

d) Nyumba, usafiri na matunzo ya hospitali havihesabiwi ndani ya mushahara. Ni vitu vya pembeni. Patro akisema, "Mushahara huu ni pamoja na vyote," tumuombe kwa upole aandike kila kitu kwa mustari wake.

e) Kazi ni masaa 45 kwa juma. Masaa yanayopita pale yanalipwa na nyongeza.

f) Muda wa kujaribiwa unapashwa kuandikwa. Kwa mufanyakazi asiye na ufundi haupite mwezi mumoja, kwa wengine haupite miezi sita. Patro asitujaribu mwaka muzima.

4. HESABU YA NYUMBANI

Sasa tuchukue kalamu. Mutu asiyejua anahitaji ngapi hawezi kujua kama amepewa kingi ao kidogo. Bei tunazotia hapa ni za mufano tu. Kila mumoja wetu atie bei ya kweli ya muji anakokwenda, na akiwa na ndugu kule amuulize.

Kwa mwezi mumoja:
- Chumba: 230.000
- Chakula: 280.000
- Usafiri, 4.000 kwa siku 26: 104.000
- Maji, umeme na makala: 60.000
- Sabuni, nguo na simu: 70.000
- Kusaidia wazazi: 80.000
- Sadaka na akiba: 50.000
Jumla: franka 874.000

Patro akisema, "Ninakupa 900.000," wengi wetu tungefurahi. Inapita 874.000! Lakini ngojeni. Mushahara unaotajwa kwa kinywa mara nyingi si ule unaoingia katika mukono. Kwanza CNSS inakatwa, mia kwa tano upande wa mufanyakazi: 45.000. Inabakia 855.000, na tayari hatufiki. Kisha kodi ya serikali. Komptable atatuambia hesabu yake ya kweli. Tuseme kwa mufano 110.000. Inabakia 745.000. Kila mwezi tunakosa 129.000. Hiyo ndiyo deni ya unga kwa jirani.

Lakini tazameni upande mwingine. Kama patro analipa nyumba na usafiri pembeni, tunaondoa 230.000 na 104.000. Mahitaji yetu yanashuka mpaka 540.000. Basi kwa mushahara uleule wa 900.000, tunabakia na 205.000 ya akiba. Kwa hiyo kupatana si kuvuta nambari moja tu kwenda juu. Pengine patro hawezi kuongeza mushahara, lakini ana nyumba tupu nyuma ya depo.

5. NAMBARI TATU ZA KUANDIKA

Kisha hesabu, tuandike nambari tatu katika kartasi yetu. Tusimuonyeshe mutu.

Ya kwanza ni nambari ya chini. Chini yake hatuwezi kuishi. Kwa mufano wetu, bila nyumba wala usafiri, ni karibu 1.060.000: tukikata CNSS 53.000, na kodi tuseme 130.000, inabakia 877.000.

Ya pili ni nambari ya haki. Ni ile wenzetu wenye diplome na kazi kama yetu wanayopokea. Haitoki katika kichwa chetu. Tunauliza watu watatu ao wane: mukubwa aliyemaliza hapa, mutu wa kanisa anayefanya kazi ile, mutu wa sendika. Tusimuulize, "Unapokea ngapi?" maana atakasirika. Tumuulize, "Mutu kama mimi, wanaweza kumuanzisha kwa ngapi?" Atajibu.

Ya tatu ni nambari ya kuanzia. Inapita kidogo ile ya haki, ili patro apate fasi ya kukata. Isipite sana, hapana! Mwenye kutaja mara mbili ya haki anaonekana hajui kazi wala soko.

6. SIKU YENYEWE

Tulifanya mazoezi katika kalasi, mumoja akiwa patro, mwingine akiwa mwenye kuomba kazi. Hivi ndivyo ilivyokwenda vizuri:

- Basi binti, unataka ngapi?
- Aksanti sana, Baba. Mbele niseme, naomba nijue kazi yenyewe vizuri. Ni depo moja ao mbili? Na mutu anaingiaka saa ngapi, anatokaka saa ngapi?
- Depo mbili. Saa moja mpaka saa kumi, na siku ya posho mpaka saa sita.
- Nimesikia, Baba. Na nyumba? Maana mimi ninatoka Lubumbashi.
- Nyumba hapana. Sisi tunalipaka 900.000, basi.
- Aksanti, Baba. Nilifanya hesabu ya Kolwezi. Kwa depo mbili, na kwa diplome yangu ya biashara, nilifikiri 1.200.000.
- Aa, binti! Hiyo ni mingi.
(Hapa binti ananyamaza. Hajitetei, hashuki.)
- Ninaweza kufika 1.000.000.
- Ninaona munanisaidia, Baba. Kama ni 1.000.000, na chumba mukilipa ninyi, ninaanza kazi siku ya kwanza.

Muone mambo mane. Aliuliza kazi mbele ya kutaja feza. Alitoa sababu ya kazi, si ya shida zake, hakusema, "Baba yangu ni mugonjwa." Alijua kunyamaza. Na pale mushahara ulipokwama, alihamia kwa nyumba.

Neno lingine: katika miji yetu patro wengi wanataja dola. Tuulize wazi: "Mutalipa dola ao franka? Kama ni franka, mutahesabu dola kwa bei ya siku gani?" Kwa ulizo hili tu, mutu anaweza kuokoa feza nyingi kila mwezi.

7. NA KAMA KAZI NI MOJA TU?

Wandugu wamoja walitupinga katika mazoezi: "Ninyi munaongea vizuri, lakini kazi ni haba. Inje kuko watu makumi wanangojea fasi ileile. Tukiuliza sana, patro atamuita mwingine." Hatuwezi kusema kwamba ni uongo. Wakati mwingine patro atakataa, na wakati mwingine tutakubali chini ya nambari yetu kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Hiyo si haya.

Lakini kukubali kwa macho wazi si sawa na kukubali gizani. Mwenye kujua kwamba anakosa 129.000 kila mwezi atatafuta kwanza kukaa kwa ndugu, ao ataomba: "Baba, ninakubali, lakini naomba tuandike kwamba kisha miezi ya kujaribiwa tutatazama tena mushahara." Patro mwenye akili hawezi kumufukuza mutu kwa ombi kama lile. Na kwa kazi ya kutunza hesabu, ni nani atakayependa mutu asiyejua kuhesabu hata mushahara wake?

8. KARTASI

Mapatano ya kinywa yanasahauliwa. Kila kitu kiingie katika kontra: mushahara, nyumba, usafiri, masaa, muda wa kujaribiwa. Tuombe siku moja ya kuisoma nyumbani pamoja na mutu mukubwa. Tusitie mukono siku ileile, hata kama kalamu imewekwa mbele yetu. Na kopi moja ibakie kwetu.

Dada yetu alivumilia mwaka muzima, kisha akapata kazi pengine. Safari hii aliingia na kartasi yake katika mukoba, nambari tatu zikiwa zimeandikwa. Anasema mikono ilitetemeka, lakini kinywa kilifunguka.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Dada yetu alipoteza haki gani mbili za sheria kwa sababu hakuuliza?
2. Fanyeni hesabu ya mwezi kwa mutu anayekaa kwa wazazi wake. Nambari yake ya chini ni ngapi? Je, ni haki apokee kidogo kwa sababu hiyo?
3. Patro mumoja anatoa 1.060.000 bila kitu kingine. Mwingine anatoa 900.000 pamoja na nyumba na usafiri. Mutachagua nani, na kwa nini?
4. Chezeni mazungumzo ya sehemu ya 6, lakini patro akatae kila kitu. Mutamuaga namna gani ili mulango ubakie wazi?

Majibu ya ulizo la tatu muyaweke katika sanduku la komite, pale mulango wa biblioteke. Yale mazuri tutayatia katika nambari inayokuja.