Kubadilisha Gia kwa Haraka: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Dereva anayeijua kazi yake hubadilisha gia upesi na abiria wala hashtuki. Asiyeijua naye hubadilisha upesi, lakini gari linaruka, giaboksi inalia, na mwisho wake ni kwa fundi, sahani ya klachi imeungua. Mkono mwepesi wanao wote wawili. Anachokosa huyu wa pili ni utaratibu. Masharti haya yanamhusu kila anayeendesha gari la gia za mkono, liwe la nyumbani, la abiria au la mizigo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Zijue gia zilipo kabla ya kuingia barabarani. Gari likiwa limezimwa, kanyaga klachi na upitishe gia zote mpaka mkono uzijue bila msaada wa macho. Barabarani macho yana kazi nyingine.

2. Kanyaga klachi hadi mwisho, kila mara. Klachi ndiyo inayoitenga injini na giaboksi. Ukiikanyaga nusu, injini bado inazisukuma gia wakati wewe unazilazimisha kuachana.

3. Achia mafuta wakati uleule unapokanyaga klachi. Ukichelewa kuachia mafuta, injini itanguruma bure. Ukichelewa kukanyaga klachi, gari litasita na abiria watasukumwa mbele. Wepesi wa kubadilisha gia unaanzia kwenye miguu hii miwili, kwa hiyo izoeze kwanza hiyo kabla ya mkono.

4. Ipe gia nafasi ya kuingia. Ndani ya giaboksi mna pete za sinkro, ambazo kwa msuguano hulinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoleta sokoni teknolojia hiyo mwaka 1928, na tangu hapo dereva wa kawaida ameondolewa mzigo mkubwa. Hata hivyo, msuguano unahitaji muda, japo ni chini ya nusu sekunde. Sukuma kirungu cha gia kwa utulivu hadi gia ikuitikie.

5. Sikiliza injini. Kwa mwendo wa kawaida, gari dogo la petroli hupandishwa gia injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. La dizeli hupandishwa mapema zaidi. Ukitaka kulipita gari lingine, shusha gia kwanza upate nguvu, ndipo utoke. Kubadilisha gia ukiwa tayari upande wa wanaokuja ni hatari.

6. Unaposhusha gia, gusa mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi. Gia ya chini huitaka injini izunguke kwa kasi zaidi. Ukiiongezea mwendo mapema, klachi itashika bila mshtuko, na matairi hayatakwama kwenye barabara yenye utelezi.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usiipige gia kwa nguvu. Ikikataa kuingia, rudi nyutro, kanyaga klachi vizuri, ujaribu tena. Mlio wa kusaga ni chuma kinachokwisha.

2. Usivute kirungu bila kujua kinakwenda wapi. Kosa baya kuliko yote ni kutoka namba tano ukikusudia nne, mkono ukapitiliza hadi mbili. Injini iliyokuwa kwenye mizunguko 3,000 italazimishwa kupita 6,000 mara tu klachi inaposhika. Hapo valvu zinaweza kugonga pistoni, na injini ikafa palepale.

3. Usipumzishe mguu juu ya klachi. Uzito mdogo tu unatosha kuchosha beringi ya klachi na kuifanya sahani iteleze. Gia ikishaingia, mguu ukae pembeni.

4. Usilizuie gari mlimani kwa klachi. Hendibreki imewekwa kwa kazi hiyo. Harufu ya kuungua kwenye foleni ya kupanda ni klachi yako.

5. Usiiingize rivasi gari likiwa bado linatembea. Katika magari mengi gia hiyo haina sinkro. Simama kabisa kwanza.

6. Usiige kila unachokiona kwa madereva wa malori. Baadhi ya malori makubwa yana giaboksi isiyo na sinkro, ndiyo maana dereva wake hukanyaga klachi mara mbili na kupima mizunguko kwa sikio. Ni ufundi wa miaka, tena kwa gari lililoundwa hivyo.

7. Usiteremke mlima ukiwa nyutro. Hili halina mjadala. Mlima Kitonga mkoani Iringa, na mteremko wa Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ni sehemu ambazo kila dereva wa masafa marefu anazijua kwa ajali zake. Anayeweka nyutro ili aokoe mafuta anaikataa breki ya injini na kuziachia breki za magurudumu uzito wote. Zikipata moto kupita kiasi zinapoteza nguvu, na gari lililokwisha kushika kasi halikubali tena gia ya chini. Tena mafuta yenyewe haokoi: injini za kisasa hukata mafuta gari likiteremka kwenye gia bila kukanyagiwa. Shusha gia juu kileleni, kabla mteremko haujaanza, na uiache hapo hadi chini.

8. Usifanye barabara ya watu kuwa uwanja wa mashindano. Hakuna abiria aliyelipa nauli ili aonyeshwe wepesi wa mkono wako.

Anayetaka haraka ajizoeze polepole katika uwanja mtupu, hadi miguu na mkono vifanye kazi pamoja bila kuamrishwa. Asiyekubali kuyafuata haya asikabidhiwe gari lenye watu.