NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Mafundisho kwa mwenye kutaka kununua nyumba, na kwa mwenye kuitunza aliyo nayo

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii hutumiwa zaidi kwa habari za watu na tabia zao, lakini hata ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi ina mafundisho makubwa. Mtu anunuapo nyumba, mara nyingi hutoa akiba ya miaka kumi au ishirini. Pengine amekopa katika chama cha ushirika, na deni hilo litamfuata mpaka uzeeni. Tena nyumba hiyo ndiyo itakayowalaza watoto wake. Basi ni ajabu kwamba watu wengi hujitaabisha zaidi katika kumchagua ng'ombe wa maziwa kuliko katika kuichagua nyumba. Ng'ombe hutazamwa meno, hushikwa kiwele, na hukamuliwa mbele ya mnunuzi. Nyumba hutazamwa rangi, na bei ikakubaliwa.

Mfano ni wa mtu aendaye kutazama nyumba mwezi wa Januari. Jua linawaka, kuta zimepakwa rangi nyeupe, na mabati yanameta. Anafurahi, analipa, anahamia. Mwezi wa Aprili mvua kubwa inanyesha. Mlango wa chumba cha kulala unakataa kufungwa, ufa unatokea juu ya dirisha, na watoto wanahamisha kitanda usiku kwa sababu ya matone. Huenda mwenye kuuza hakusema uongo hata neno moja, hakuna aliyemwuliza.

WAKATI WA KWENDA KUITAZAMA

Yafaa nyumba itazamwe mara mbili: siku ya jua, na siku ya mvua au kesho yake. Katika sehemu nyingi za Kenya mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Mwenye haraka ya kuuza katika miezi ya kiangazi huenda ana sababu njema. Lakini mnunuzi na awaulize majirani maji ya mvua hupita wapi, na kama yamewahi kuingia ndani.

Mnunuzi na afuatane na fundi wake mwenyewe, asiye rafiki wa mwenye kuuza. Ujira wa fundi kwa siku moja ni mdogo sana ukilinganishwa na gharama ya kujenga msingi upya. Vyombo vinavyohitajiwa ni vichache: ngazi, tochi, kisu chenye ncha, timazi ya kupimia ukuta kama umesimama wima, na gololi ya mtoto. Gololi ikiwekwa sakafuni nayo ikabingirika upande ule ule katika kila chumba, huenda nyumba inazama upande huo, na fundi hana budi kutafuta sababu.

ARDHI NA MSINGI

Nyumba haiwezi kuwa imara kuliko ardhi iliyoibeba. Katika nyanda za mashariki na kusini mwa Nairobi, kama Embakasi, Athi River na Kitengela, uko udongo mweusi unaonata. Udongo huu hunywa maji ukavimba, na wakati wa kiangazi hukauka ukasinyaa na kupasuka. Msingi uliowekwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na ukuta hauna mifupa ya kuvumilia mchezo huo. Wajenzi wenye ujuzi huuchimba udongo huo na kuuondoa mpaka wafike kwenye mwamba au udongo mgumu. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi katika nyanda hizo ni hili: msingi ulichimbwa hadi wapi, na nani aliuona kabla haujafunikwa?

Kando ya mito hatari ni nyingine. Tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jumba la ghorofa lilianguka huko Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 40. Tena katika Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliyakumba makazi ya kando ya mto Mathare, na baadaye nyumba zilizokuwa karibu na mto zikabomolewa kwa amri ya Serikali. Kiwanja cha bei nafuu kando ya mto chaweza kuwa ghali kuliko vyote.

KUSOMA NYUFA

Si kila ufa ni msiba. Nyufa nyembamba kama unywele, zisizozidi upana wa milimita 1, hutokea plasta inapokauka, nazo huzibwa kwa rangi. Zinazopasa kuogopwa ni zile zinazopanda mshazari kutoka pembe za dirisha au mlango, na hasa zilizo pana juu na nyembamba chini, kwa kuwa mara nyingi zaonyesha kwamba upande mmoja wa nyumba unazama. Ufa uliozidi milimita 5, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, wataka jicho la mhandisi kabla ya shilingi moja kulipwa.

Jambo kubwa ni kujua kama ufa bado unatembea. Njia ni rahisi: mwenye nyumba hutia alama ya kalamu kwenye ncha mbili za ufa, akaandika tarehe, kisha akapaka plasta kidogo kuuvuka ufa kama daraja. Ikiwa baada ya mvua na kiangazi daraja hilo ni zima na ufa haujapita alama zake, ufa umetulia. Likikatika, nyumba ingali ikienda, na kuuziba ufa kwa simiti ni kumfunga jeraha mgonjwa ambaye mwiba haujatolewa.

Katika miji ya pwani ni lazima kutazama pia chuma kilicho ndani ya zege. Hewa ya bahari ina chumvi, na mchanga wa pwani usiooshwa huiingiza chumvi hiyo ndani ya nguzo. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Madoa ya rangi ya kutu chini ya roshani, au vipande vya zege vilivyobanduka, ni dalili za ugonjwa huo.

PAA

Paa hukaguliwa kwanza kutoka ndani. Wakati wa adhuhuri milango na madirisha hufungwa, na kama hakuna dari, kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Palipo na dari, hutafutwa madoa ya maji, nayo tochi huingizwa juu yake. Kisha fundi hupanda ngazi. Misumari ya bati la mawimbi yapasa kupigiliwa juu ya mgongo wa wimbi, wala si bondeni ambako maji hupita. Yafaa pia kuuliza unene wa bati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba zaidi. Wengi hudhani kwamba namba kubwa ndiyo bora, kumbe sivyo.

Katika nyumba za zamani huenda vigae vya paa ni vya asbesto. Vikiwa vizima visiguswe. Visikatwe, visitobolewe, wala visisuguliwe, kwa sababu vumbi lake huleta maradhi ya mapafu pamoja na saratani. Kuviondoa ni kazi ya watu wenye leseni.

Mifereji ya paa hudharauliwa sana, na hesabu yake ni hii: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 20 katika jioni moja, humwaga lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Pasipo mfereji, maji hayo yote huanguka miguuni pa ukuta na kuuchimba msingi. Penye mfereji na tangi, maji yale yale huwapunguzia watu wa nyumbani safari za mtoni.

MBAO NA MCHWA

Mchwa ni mwizi asiyevunja mlango. Hula mbao kwa ndani na kuacha ngozi ya nje, hata boriti ikaonekana nzima siku ya kuuzwa. Dalili yake ni vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kutoka chini. Mbao zigongwe kwa mpini wa kisu: iliyo nzima hulia kwa sauti kavu, iliyoliwa hulia kama ngoma. Kisha ncha ya kisu ichomwe. Ikiingia bila taabu, ubao umekwisha. Kinga yake ni ya bei ndogo. Kuni zisiegemezwe ukutani, na udongo wa bustani usirundikwe juu ya usawa wa sakafu, kwa maana hiyo ndiyo ngazi ya mchwa.

MAJI, CHOO NA UMEME

Mabomba yote yafunguliwe pamoja, ionekane kama maji yana nguvu na kama yanatoka upesi kwenye karo. Mahali penye kisima, choo cha shimo kiwe upande wa chini wa mteremko, tena umbali wake usipungue mita 30. Kuhusu umeme, swichi yenye joto, harufu ya kuungua, au taa zinazofifia pasi iwashwapo, ni maonyo. Mnunuzi asijaribu kufungua sanduku la fyuzi mwenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni.

HATI

Nyumba yaweza kuwa imara kabisa na bado isiwe ya yule anayeiuza. Kwa hiyo hapana budi kufanya uchunguzi katika rejesta ya ardhi, kujua jina la mwenyewe na kama kuna rehani au zuio. Kiwanja kilicho katika eneo la kilimo linaloongozwa na sheria ya udhibiti wa ardhi chahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, nalo ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu mapatano. Ikiwa ni nyumba ya mume na mke, sheria za mwaka 2012 na 2013 zataka idhini ya mwenzi wa ndoa. Mnunuzi asikilizaye neno la mume peke yake ananunua na kesi pamoja.

KAZI ZA MWAKA

Aliyekwisha nunua hajamaliza, ameanza. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, mifereji ya paa isafishwe, na misumari iliyolegea ikazwe au ibadilishwe. Wakati wa mvua, mwenye nyumba na aizunguke nyumba yake mara moja akitazama maji yanakosimama, kisha achimbe njia ya kuyapeleka mbali. Mwezi wa Juni nyufa zitazamwe pamoja na tarehe zake. Mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, paa litazamwe tena, vijia vya mchwa vitafutwe, na mbao za nje zipakwe rangi au mafuta. Kila mwezi na awekwe pembeni pesa kidogo za matengenezo, kama awekavyo karo ya shule.

Mtu yule wa mfano, angekuja tena mwezi wa Aprili na fundi pembeni yake, angeuona ufa na kuyaona matone kabla hajalipa. Huenda angeinunua nyumba ile ile kwa bei ndogo zaidi, akatumia tofauti kuutengeneza msingi. Au angekwenda kutafuta nyingine. Kwa vyovyote, uamuzi ungekuwa wake. Aliye ndani tayari naye asingoje. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na bei ya ukuta haijapata kushuka.