Waasi Hawakutia Sahihi: Je, Sheria Yawafunga?

Watu wawili wakiandikiana hati, na wa tatu asitie sahihi, hakuna hakimu atakayemdai huyo wa tatu deni lililoandikwa humo. Sasa tazameni: Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949, iliyo mhimili wa sheria za vita, ilitiwa sahihi na serikali tu. Makundi yenye silaha yapiganayo msituni hayawezi kuithibitisha kama dola zifanyavyo. Walakini vita vingi vya siku zetu ni vya makundi hayo, ama na serikali zao, ama wao kwa wao. Wasomaji wetu wa Kongo ya mashariki hawana haja ya kuelezwa. Basi sheria yawafungaje watu wasioitia sahihi?

Jibu limo katika kifungu cha 3, ambacho ni kile kile katika mikataba yote minne. Chahusu vita visivyo vya dola na dola, nacho chaamuru kila upande wa vita, wala si serikali peke yake. Asiyeshiriki mapigano, pamoja na askari aliyeweka silaha chini, mgonjwa, majeruhi na mfungwa, atendewe kwa utu. Ni marufuku kumwua, kumkata viungo, kumtesa, kumdhalilisha, kumshika rehani, au kumhukumu pasipo mahakama halali. Majeruhi waokotwe na kutunzwa, wawe wa upande wo wote.

Juu ya sababu ya kuwafunga waasi, wanasheria wamebishana sana. Wengine husema kwamba serikali ikikubali mkataba imewafunga raia wake wote, na mwasi ni raia. Hoja hii ina nguvu, lakini mwasi ataicheka, maana serikali hiyo ndiyo anayoipinga. Wengine hunena kwamba atakaye kutawala na achukue mizigo ya utawala: huwezi kutoza kodi sokoni na kuweka vizuizi barabarani, kisha udai kwamba wewe si mtu wa kuulizwa. Kwa maoni yetu hoja hii ya pili ndiyo yenye mashiko. Tena siku hizi amri za kifungu hicho zahesabiwa kuwa desturi ya mataifa yote, isiyongoja sahihi ya mtu.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Serikali nayo haiwezi kusema, "Hawa ni majambazi tu," kisha ichome kijiji ambamo walilala usiku mmoja.

Mbona basi serikali zilikubali kifungu hicho, nazo zaogopa kuwapa waasi heshima ya dola? Kwa sababu mwisho wake chatamka wazi kwamba hakibadili hadhi ya upande wo wote. Lakini hapo ndipo penye kasoro. Askari wa dola akikamatwa katika vita vya mataifa ni mateka wa vita, wala hawezi kuadhibiwa kwa kupigana tu. Mwasi, hata kama hakumgusa raia hata mmoja, aweza kushtakiwa uhaini sawa na mwenzake aliyeua watoto. Atajizuia kwa tumaini gani? Itifaki ya Pili ya 1977, katika kifungu cha 6, yazihimiza serikali zitoe msamaha mpana vita viishapo. Msamaha huo hueleweka kuwa wa wale walioshika silaha tu, si wa wahalifu wa kivita. Yazihimiza, haizilazimishi.

Kwa hiyo ni busara kuwapa waasi nafasi ya kujifunga kwa ahadi yao wenyewe. Mkataba wa 1997 wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini ulikuwa wa dola tu; lakini mwaka 2001 kundi la SPLM/A la Sudan ya kusini, likiwa bado vitani, lilitia sahihi hati ya shirika la Geneva Call, likaahidi kuyaacha. Wako wanaonung'unika kwamba kuzungumza hivyo ni kuwatukuza waasi. Aliyekanyaga bomu hakuuliza lilitegwa na nani.

Na asiyeahidi cho chote? Huyo mtu binafsi aweza kufikishwa mahakamani. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la UPC huko Ituri, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague tarehe 14 Machi 2012, kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003. Alipewa kifungo cha miaka 14. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo.

Kesi ya Bosco Ntaganda, aliyekuwa jemadari katika jeshi la kundi hilo hilo, ilikwenda mbali zaidi. Kati ya mashtaka yake yalikuwamo ya watoto wa kike wa jeshi lake mwenyewe, walionajisiwa na kufanywa watumwa wa ngono na wenzao. Watetezi wake walidai kwamba sheria ya vita haimlindi askari dhidi ya askari wa upande wake. Mwaka 2017 majaji wa rufani waliikataa hoja hiyo; na mwaka 2019 Ntaganda alitiwa hatiani kwa makosa yote 18, hayo ya watoto wale yakiwamo, akahukumiwa miaka 30.